Vizuizi vya fosfatasi maabarani: vidonge vya kununua au chumvi za kuchanganya mwenyewe?

Bidhaa inayochambuliwa hapa haipatikani katika duka la dawa la mtaani, na wanaoihitaji ni wachache: wanafunzi wa uzamili, watafiti na mafundi sanifu wa maabara ambao kazi yao inawalazimu kupima protini zilizopachikwa fosfati. Kwa watu hao, hata hivyo, swali hili hurudi mezani kila bajeti inapopangwa. Je, tuagize vizuizi vya fosfatasi, yaani kemikali zinazozuia fosfati ising'olewe kwenye protini, vilivyokwisha kuchanganywa, mfano wake vidonge vya PhosSTOP vya Roche, ambavyo kimoja huyeyushwa katika mililita 10 za bafa (myeyusho unaoshikilia pH) na kazi ikaanza, au tununue chumvi nne za kawaida na kuzichanganya wenyewe? Nimetumia njia zote mbili kwa kazi ya aina moja, yaani kuvunja seli zilizokuzwa maabarani na kupima protini zake kwa westani bloti (mbinu ya kuzihamishia protini kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili), na maoni yangu nayatanguliza ili asiye na muda asihangaike: kwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku chumvi zinatosha kabisa, mradi ile inayoitwa othovanadati iandaliwe inavyotakiwa, na vidonge vinastahili bei yake katika hali chache tu.

Ili tathmini hii ieleweke, ni lazima kwanza ijulikane kinachozuiwa ni nini. Kinasi ni vimeng'enya vinavyochukua fosfati kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kuipachika juu ya protini nyingine, hasa kwenye asidi amino za serini, threonini na tirosini. Fosfatasi ni vimeng'enya vinavyoing'oa fosfati hiyo. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliokuwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walionyesha katikati ya miaka ya 1950 kwamba kimeng'enya cha misuli kinachovunja glaikojeni huamshwa kwa kupachikwa fosfati, na kazi hiyo ikawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Orodha iliyochapishwa mwaka 2002, baada ya jenomu ya binadamu kusomwa, ilihesabu kinasi 518. Ndani ya seli hai makundi haya mawili hufanya kazi kwa wakati mmoja, na kiwango cha fosfati tunachokipima ni tokeo la mvutano baina yao. Seli ikivunjwa, mvutano huo huelemea upande mmoja. ATP iliyokuwa imejazana ndani ya seli husambaa katika bafa na kwisha, kwa hiyo kinasi hukosa malighafi, ilhali fosfatasi hazihitaji ATP hata kidogo na huendelea kung'oa fosfati mpaka zizuiwe. Mtafiti aliyezembea hapa hupata utando usio na alama yoyote na kuhitimisha kwamba dawa anayoijaribu imezima njia fulani ya mawasiliano ya seli, kumbe kilichoizima ni muda ambao sampuli ilikaa juu ya meza bila ulinzi.

Ugumu wa biashara hii ni kwamba fosfatasi si za ukoo mmoja. Zile zinazoshughulikia serini na threonini, kama PP1 na PP2A, hutumia ioni mbili za metali katika kitovu chake cha utendaji. Zile za tirosini hutumia asidi amino moja ya sisteini iliyo tayari kushambulia fosfati. Na zipo nyingine, za asidi na za alkali, ambazo hazichagui sana wanachokiondolea fosfati. Kemikali inayoziba kitovu cha kundi moja mara nyingi haiwagusi wenzao. Ndiyo maana bidhaa zote za aina hii ni michanganyiko, na ndiyo maana swali la kumuuliza muuzaji si kama mchanganyiko wake una nguvu bali ni kundi gani limesahauliwa.

Nianze na vidonge. Sifa yake kubwa ni kwamba havimwachii mtu nafasi ya kuharibu. Mwanafunzi aliyeingia maabara wiki iliyopita na fundi mwenye uzoefu mrefu watapata bafa ileile, bila kupima kwa mizani unga wenye sumu na bila kugusa kipima pH. Kidonge huyeyuka haraka, na ukikiyeyusha katika mililita moja badala ya kumi unapata akiba yenye ukali mara kumi ambayo inagawanywa kidogo kidogo. Jambo hili ni la maana kwa sababu wengi wetu hatuvunji seli za kujaza mililita 10 kwa siku, na kidonge kilichotumika robo ni fedha iliyomwagwa kwenye sinki. Kwa kazi inayoshirikisha maabara mbili au tatu, ambapo kila mmoja anapaswa kuvunja tishu kwa namna moja ili matokeo yalinganishwe, ningechagua vidonge bila kusita, na gharama ningeiandika kwenye ombi la ufadhili tangu mwanzo.

Kasoro zake nazo zipo. Ya kwanza ni bei, ambayo kwa maabara ya chuo cha kwetu huongezewa usafirishaji, ushuru na muda. Bidhaa hutakiwa kutunzwa kwenye baridi ya jokofu, na msambazaji mmoja, ambaye sitamtaja, alituletea boksi lililokuwa limekaa forodhani hadi pakiti za barafu zikawa maji ya uvuguvugu. Vidonge vilifanya kazi, lakini hakuna aliyeweza kutuhakikishia kwamba vilikuwa na nguvu yake yote. Kasoro ya pili inanikera zaidi, nayo ni usiri. Watengenezaji wa vidonge na vimiminika vilivyo tayari mara nyingi hutaja makundi ya fosfatasi yanayozuiwa bila kutaja kilichomo na kwa kiasi gani. Mtu anayefanya westani bloti ya kawaida hatajali. Anayetaka kuchuja protini zenye fosfati kwa safu yenye ioni za metali, au kupima fosfati huru iliyobaki kwenye sampuli, anapaswa kujali sana, kwa sababu kitu asichokijua kinaweza kuingilia kipimo chake na hatakuwa na namna ya kukitafuta.

Chumvi nne ninazozipendekeza zinafahamika katika kila kitabu cha mbinu za maabara: sodiamu floridi, beta-gliserofosfati, sodiamu pairofosfati na sodiamu othovanadati. Tatu za kwanza hulinda hasa serini na threonini, na ya nne hulinda tirosini. Kwa akiba ya mililita 100, floridi ya milimola 500 huhitaji gramu 2.1, gliserofosfati ya milimola 500, kwa chumvi yenye molekuli tano za maji, gramu 15.3, pairofosfati ya milimola 100, kwa chumvi yenye molekuli kumi za maji, gramu 4.46, na othovanadati ya milimola 200 gramu 3.68. Bafa ya kuvunjia seli ya mililita 10 hupewa mililita moja ya floridi, mililita moja ya pairofosfati, mililita 0.4 ya gliserofosfati na maikrolita 50 za vanadati, na hapo viwango vya mwisho vinakuwa milimola 50, 10, 20 na 1. Msomaji makini ataona kwamba robo ya bafa yake sasa ni vizuizi, kwa hiyo sehemu nyingine, yaani chumvi ya kawaida, Tris (kemikali inayoshikilia pH) na sabuni, ni lazima ziandaliwe zikiwa kali zaidi ili zisije zikachujuka.

Floridi haina maneno mengi. Ni rahisi na huyeyuka hadi karibu na mola moja tu, hivyo usijaribu kutengeneza akiba kali kuliko hiyo. Itunzwe kwenye chupa ya plastiki, kwani hula kioo polepole. Ikikutana na magnesiamu au kalsiamu nyingi hutengeneza mashapo meupe, na anayeongeza magnesiamu kwenye bafa yake ajue kwamba ukungu anaouona si protini. Ni sumu, glavu zivaliwe na unga usipeperushwe. Gliserofosfati hufanya kazi kwa kujitoa kafara: fosfatasi huihangaikia yenyewe badala ya kuhangaikia protini, na ndiyo maana huwekwa kwa kiwango kikubwa.

Othovanadati ndiyo inayotenganisha maabara nadhifu na maabara ya kubahatisha. Ioni ya vanadati ina umbo linalofanana na fosfati wakati inapong'olewa, hivyo hukaa mahali pa fosfati ndani ya kimeng'enya na kukizuia kisifanye kazi nyingine. Lakini ioni hiyo ni lazima iwe mojamoja. Katika myeyusho ambao pH yake imeshuka, vanadati hushikamana kumi kumi, na mafungu hayo ya kumi, yenye rangi ya manjano hadi chungwa, hayakai vizuri kwenye kitovu cha fosfatasi za tirosini. Rangi basi ndiyo kipimo chako. Unayeyusha unga katika maji kidogo pungufu ya mililita 100, unachovya kipima pH, unadondosha asidi ya hidrokloriki tone kwa tone hadi pH 10, na kwa kila tone unaona manjano ikitanda kutoka pale tone lilipoangukia. Unaweka bika juu ya jiko la umeme na kuchemsha. Manjano hupauka, kisha hutoweka, na myeyusho huwa mweupe kama maji. Wengi huishia hapo, na hapo sipo pa kuishia. Uache upoe hadi joto la chumba, upime pH tena, itakuwa imehama. Irudishe kwenye 10, na ukiona manjano imerejea, chemsha tena. Rudia mpaka myeyusho uliopoa ubaki bila rangi na pH isitikisike, kisha ongeza maji kufidia yaliyopotea kwa mvuke, gawanya kwenye mirija midogo na ugandishe kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri. Mrija ulioyeyuka ukiwa na manjano hutupwa, au hupashwa moto hadi manjano iondoke. Kazi yote hula sehemu ya asubuhi moja na akiba yake hudumu miezi mingi, jambo ambalo kwa maabara yenye umeme wa kukatikakatika nalihesabu kuwa ushindi, kwa maana vanadati iliyoyeyuka kwa bahati mbaya na kugandishwa tena inaweza kukaguliwa kwa macho, na kidonge hakikaguliki.

Vanadati ina adui wawili ambao mara nyingi huingizwa na mtumiaji mwenyewe. EDTA, kemikali inayonasa metali, huikamata na kuiondoa kwenye kimeng'enya, na DTT, kemikali nyingine ya kawaida ya bafa, huipunguzia oksijeni na kuibadilisha kuwa kitu kingine. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwani vidonge vya kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini huuzwa vya namna mbili, vyenye EDTA na visivyo nayo, na anayechanganya vyenye EDTA na vanadati amelipia vitu viwili vinavyouana. Agizeni visivyo na EDTA. Kuna upande wa pili wa hoja hii ambao ni haki kuutaja: baadhi ya fosfatasi, kama za kundi la PP2C, hutegemea magnesiamu au manganisi, nazo huzimwa na EDTA wakati vizuizi vingine vingi haviziwezi. Kwa hiyo anayefuatilia serini na threonini peke yake anaweza kuiacha vanadati na kutumia EDTA, lakini anayefuatilia tirosini hana uchaguzi. Wapo wanaotaka kuzuia fosfatasi za tirosini bila kurudi nyuma, nao huchanganya vanadati na hidrojeni peroksidi kupata pavanadati, ambayo huiunguza ile sisteini moja kwa moja. Ni njia kali, na kinachobaki cha peroksidi huvuruga mambo mengine ndani ya seli.

Nilivyolinganisha bidhaa hizi ni hivi, na yeyote anaweza kurudia kwa vifaa vya kawaida. Seli zilizoamshwa kwa kipande kifupi cha muda na seramu huvunjwa kwenye bafa isiyo na kizuizi chochote, na papo hapo hugawanywa katika mirija iliyo juu ya barafu: mmoja haupewi kitu, mmoja hupewa kidonge kilichoyeyushwa, mmoja chumvi zote nne, na mmoja chumvi zote isipokuwa vanadati. Mrija wa tano hupewa lambda fosfatasi pamoja na manganisi, kwa makusudi, ili ionekane sampuli iliyovuliwa fosfati kabisa inafananaje. Baada ya nusu saa kila mrija huongezewa bafa ya SDS (sabuni kali inayofumua protini) na kuchemshwa. Protini niliyoichagua kuwa shahidi ni kinasi iitwayo ERK, kwa sababu huamka pale tu inapopachikwa fosfati mbili zilizo jirani, moja kwenye threonini na nyingine kwenye tirosini, na kingamwili inayotambua zote mbili kwa pamoja hupoteza alama ikiwa hata moja imeng'oka. Kwa shahidi huyo, upungufu wa upande wowote wa mchanganyiko hujitokeza. Mrija usiolindwa alama yake ilififia wazi. Mrija uliokosa vanadati nao ulipungua. Kati ya kidonge na chumvi nne sikuona tofauti ambayo ningethubutu kuitetea mbele ya mtu mwingine. Angalizo moja la jikoni kwa wanaorudia jaribio hili: msizibe utando kwa maziwa ya unga kama mlivyozoea, kwa kuwa kaseini ya maziwa yenyewe imejaa fosfati na baadhi ya kingamwili huikimbilia; tumieni albumini ya damu ya ng'ombe, na msuuze kwa bafa ya Tris badala ya ile ya fosfati.

Kwa ukweli, mshindani mkubwa wa bidhaa zote mbili ni bafa ya SDS iliyochemka. Ukimwaga bafa hiyo ya moto moja kwa moja juu ya seli, vimeng'enya vyote, vya kupachika na vya kung'oa, hupoteza umbo lake karibu mara moja, na hakuna kizuizi chochote unachohitaji kununua. Utalazimika kukata uzi mzito wa DNA kwa kupitisha sampuli kwenye sindano nyembamba, na kipimo cha jumla ya protini kitahitaji mbinu inayovumilia sabuni, lakini kwa westani bloti ya kawaida sijui njia inayohifadhi fosfati vizuri zaidi. Isichoweza ni pale unapotaka protini ikiwa bado hai: kuikamata pamoja na wenzake kwa kingamwili, au kupima utendaji wa kinasi yenyewe. Huko ndiko vizuizi vinakolipa, na wauzaji hawana sababu ya kutuambia.

Juu ya chumvi kuna daraja jingine la bei, la sumu za asili, na hapa matangazo huwa matamu kupita kiasi. Asidi ya okadaiki ilielezwa mwaka 1981 kutoka kwenye sifongo wa baharini wa Japani aitwaye Halichondria okadai, ingawa wanaoitengeneza hasa ni vijimea vya baharini. Ndiyo sumu inayowaharisha watu waliokula kome waliojilisha vijimea hivyo. Huzuia PP2A kwa chini ya nanomola moja, huhitaji nanomola kumi au zaidi kwa PP1, haiathiri PP2C, na huuzwa kwa maikrogramu. Kalikulini A, kutoka sifongo mwingine wa huko huko, huzizuia PP1 na PP2A kwa ukali unaokaribiana. Faida ya hizi mbili ni kwamba hupenya seli hai, jambo ambalo floridi hailiwezi kwa namna ya kuchagua. Kwa hiyo anayeuliza kama protini fulani huvuliwa fosfati na PP2A ndani ya seli anaweza kujibu swali lake kwa asidi ya okadaiki, akiwa mwangalifu na kipimo. Kuinunua ili kulinda sampuli ambazo seli zake zimekwisha kuvunjwa ni anasa.

Maikrosistini nayo inatuhusu kwa namna ya pekee, kwani hutolewa na bakteria wa kibuluu-kijani wa jenasi Microcystis, wale wale wanaotanda kama rangi ya kijani kwenye Ghuba ya Winam upande wa Kisumu na katika ghuba ya Mwanza. Mwaka 1990 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba sumu hii huzuia PP1 na PP2A kwa kiwango cha chini mno, na baadaye ikajulikana kwamba hujifunga kabisa kwenye sisteini ya kimeng'enya. Shirika la Afya Duniani liliweka mwongozo wa maikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Kama kizuizi cha maabara ni kizuri kwenye sampuli zilizovunjwa, lakini haipenyi seli nyingi. Huingia kwenye ini kupitia milango maalumu, na ndiyo sababu ini ndilo linaloumia. Wenye kazi ya kupima maji ya ziwa huutumia uwezo wake wa kuzuia fosfatasi kwa kinyume: huchukua fosfatasi safi, huongeza maji yanayoshukiwa, na kuona kama kimeng'enya kimelala. Kwa maabara ya Mwanza au Kisumu, chupa ndogo ya PP2A na kiwango safi cha maikrosistini ni manunuzi ninayoyaunga mkono kuliko boksi lolote la vidonge.

Jambo dogo kwa wanaopima tishu badala ya seli. Ini, figo, mfupa na utumbo vina fosfatasi ya alkali kwa wingi, na baadhi ya vimiminika vilivyo tayari huongezewa bromotetramisoli kwa ajili hiyo. Ndugu yake wa karibu ni levamisoli, ambayo wafugaji wote wanaijua kama dawa ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi, nayo huizuia fosfatasi hiyo ya ini, figo na mfupa. Ile ya utumbo haisikii sana. Sisemi mtu achote dawa ya mifugo akaitie kwenye sampuli, maana ina viongezi vyake, lakini levamisoli safi ya maabara ni nafuu na hufanya kazi hiyo bila jina refu.

Wauzaji wa vizuizi vya fosfatasi ndio hao hao wanaouza vizuizi vya kinasi, na ukurasa mmoja wa orodha yao humfanya mtu adhani ni bidhaa za uaminifu sawa. Si hivyo. Fosfatasi tunazizima zote kwa pamoja, kwa makusudi, na hatujali ni ipi imezimika. Kizuizi cha kinasi hununuliwa kwa ahadi kwamba kitazima moja na kuziacha nyingine. Ahadi hiyo ni ngumu kutimiza, kwa kuwa vizuizi vingi hujichomeka kwenye mfuko wa ATP, na mifuko ya kinasi 518 inafanana mno. Staurosporini ndiyo mfano wa kale: ilitolewa mwaka 1977 kutoka kwenye bakteria wa udongo na kundi la Satoshi Ōmura wa Japani, yule yule ambaye kazi yake nyingine ilizaa ivermektini tunayoifahamu kwa usubi na matende, na mwaka 1986 ikatambuliwa kuwa huzuia kinasi C. Baadaye ilionekana kwamba huzuia karibu kila kinasi inayojaribiwa nayo, na leo matumizi yake ya kawaida maabarani ni kuua seli.

H-89 bado huuzwa, na bado huandikwa kwenye makala, kama kizuizi cha kinasi A. Kundi la Philip Cohen huko Dundee lilichapisha mwaka 2000 vipimo vya vizuizi vilivyozoeleka dhidi ya kinasi nyingi kwa wakati mmoja, na H-89 ilionekana kuzizuia kinasi nyingine, MSK1, S6K1 na ROCK-II, kwa kiwango kinacholingana na kile cha kinasi A au hata kuizidi. Katika vipimo hivyo hivyo LY294002, inayosifiwa kwa kuzuia PI3-kinasi, ilionekana kugusa pia kinasi nyingine, CK2. Kwa hiyo H-89 siipendekezi kwa hoja yoyote inayosimama juu yake peke yake. LY294002 inakubalika pale tu matokeo yake yanapofanana na ya wotmanini, kizuizi kingine cha PI3-kinasi, ambayo ina umbo tofauti kabisa, hufanya kazi kwa nanomola, na huharibika haraka kwenye maji, hivyo huongezwa kwenye seli mara tu inapochanganywa.

U0126, inayozuia MEK, kinasi inayoipachika ERK fosfati, na hivyo kuikatia ERK fosfati zake, ndiyo ninayoiamini zaidi kati ya hizi, kwa sababu haikai kwenye mfuko wa ATP na haijali kwamba ndani ya seli ATP ipo kwa kiwango cha milimola, jambo linalozidhoofisha nyingine zilizong'ara kwenye mrija wenye ATP kidogo. Iyeyushwe kwenye kiyeyusho cha DMSO kuwa akiba ya milimola 10, igawanywe kidogo kidogo, ifungwe vizuri isipate unyevu, na kwenye seli itumike karibu na maikromola 10 huku DMSO ikibaki asilimia 0.1, pamoja na sahani nyingine iliyopewa DMSO tupu. Ina pacha wake asiyefanya kazi, U0124, na anayenunua ya kwanza ainunue na ya pili katika agizo hilo hilo, kwa sababu mhakiki wa jarida ataidai, na shehena ya pili haitafika kabla ya tarehe ya mwisho ya kurudisha makala.